Kikohozi Ambacho Hakikuwa cha Baridi

Izia, Sumbawanga
Jumamosi, alasiri

Leokadia, mama,

Mmeondoka na mama yako kwenda kuaga ukoo mzima, na kwa jinsi ninavyowajua ndugu zetu, kila nyumba itawawekea chai na hamtarudi kabla ya jua kuzama. Nimebaki mimi na bibi yako. Yeye yupo uani anaota jua na blanketi zake mbili, mimi nimejifungia sebuleni na kalamu ili upepo usinipeperushie karatasi. Upepo wa Julai hapa kwetu hauna adabu hata kidogo, na hilo huhitaji kuambiwa.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakwambia uvae sweta ngapi mpaka Mbeya, uvue ngapi ukikaribia Dodoma, na wale samaki wa Kabwe, ile migebuka aliyoifunga kwenye magazeti, uiweke wapi ndani ya basi. Mimi nakuomba tu usiiweke karibu na mtu aliyelala. Abiria wenzako hawajakukosea kitu.

Naandika kwa sababu ya maneno niliyoyasikia juzi jikoni. Sikuwa nachungulia, nilikuwa natafuta chumvi. Ulikuwa unamwambia mama yako kwamba kazi unayoiendea inakunyong'onyeza. Ulisomea dawa ili umpe mtu dawa mkononi, ukasema, na sasa unakwenda kukaa ofisini na kompyuta, kusoma taarifa zilizoandikwa na watu usiowajua kuhusu wagonjwa usiowajua, uangalie kama dawa zilizokwisharuhusiwa zinafanya vizuri zikishafika huku kwa watu. "Bora nibaki duka la dawa hapa mjini," ulisema, "angalau wateja wana sura." Mama yako akakwambia unywe uji wako kabla haujapoa. Nilirudi sebuleni bila chumvi.

Sitaki kukubishia. Nataka nikusimulie habari ya kikohozi cha bibi yako, yote, maana wewe unaijua nusu. Ilitokea ukiwa chuoni Mwanza, na kwenye simu tulikuwa tunakupa zile sehemu za kuchekesha tu. Unajua kwamba sokoni wananiita Dokta Kikohozi, na wewe mwenyewe umeshaitwa binti wa Dokta Kikohozi na muuza dagaa, ukanuna siku nzima. Usichokijua ni kwamba kisa cha jina hilo kilikaribia kumwondoa bibi yako duniani.

Bibi alipogundulika ana presha, nilimwanzishia dawa mimi mwenyewe pale kituoni. Mimi ni tabibu tu, lakini hapa kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na sijawahi kuwakatalia. Ilikuwa dawa nzuri. Inatumika dunia nzima na ilishapita kila jaribio kabla ya kuruhusiwa. Presha ikashuka, nami nikatembea kifua mbele kama vile dawa nimeitengeneza jikoni kwangu. Wiki kadhaa baadaye akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, bila homa, bila makohozi, na kilimzidi akilala. Alisema ni kama ana unyoya wa kuku kooni, na kila akitaka kuutoa unashuka chini zaidi.

"Ni baridi hiyo, mama," nikamwambia.

Unatujua sisi watu wa Ufipa. Tuna ugonjwa wetu ambao haumo kwenye kitabu chochote cha tiba, wa kuisingizia baridi kila jambo. Mtoto akichelewa kutembea ni baridi. Kuku akiacha kutaga ni baridi. Harusi ikikosa watu ni baridi. Mwenzangu mmoja wa kazini, mtu wa Mbeya, ambako nako hawaendi kifua wazi, aliniambia hajawahi kuona watu wanaoringia baridi yao kama sisi. Basi mimi tabibu mzima, na mafunzo yangu yote, nikamnunulia mama yangu sweta. Kikohozi kikabaki. Nikahamisha kitanda chake kutoka dirishani. Nikampa dawa ya maji, nikampa vidonge vya kuua vijidudu, nikamrudishia vilevile mara ya pili. Mwisho nikampima kifua kikuu, na hapo akanifungulia kesi.

"Deo," aliniambia, "watu wa jumuiya wamejua. Leo kwenye sala nimepewa kikombe changu peke yangu."

Majibu ya kipimo yalikuja hana kifua kikuu, lakini kikombe kilibaki chake peke yake. Unamjua bibi yako, mtu wa kukaa katikati ya wenzake na kupokezana nao kila kitu. Alianza kukaa mwisho wa benchi, mtandio mdomoni. Iliniuma sana. Nikaona dawa ni moja, aende Mtowisa kwa shangazi yako Teodora, akae kule bondeni kwenye joto mpaka baridi ipite. Nikampandisha gari asubuhi, na vidonge vyake vya kutosha, akateremka ule mlima wa Lyamba lya Mfipa akiwa amekumbatia mfuko wa ulezi, anakohoa.

Siku chache baadaye Teodora akanipigia simu. Shangazi yako hajui kusalimia kwa kifupi, lakini siku ile alikwenda moja kwa moja.

"Kaka, huku tunalala na milango wazi kwa joto. Mbwa wamehamia chini ya mtungi. Na mama bado anakohoa. Hiyo baridi yenu amekuja nayo kwenye mfuko wa ulezi?"

Nilicheka kwanza. Mtowisa hakuna baridi ya kusingiziwa. Kama mtu anakohoa vilevile Sumbawanga na blanketi tatu, na anakohoa vilevile Mtowisa anapojipepea na kipande cha boksi, basi alichokwenda nacho kule ndicho chenye lawama. Na alichokwenda nacho ni ulezi na dawa yangu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kazi yako inapoingia. Pale kituoni Jumanne ni siku ya kliniki ya presha, na siku nyingine ni za wagonjwa wa kawaida. Mtu akija Jumanne tunampima, tunampa dawa, tunamwandika upande wa presha. Mtu huyohuyo akija Ijumaa anakohoa, tunamwandika upande wa wagonjwa wa kawaida, "mafua na kikohozi", anakwenda zake. Miaka yote nimewaona watu hawa mara mbili na sikuwahi kujua kwamba ni walewale. Hakuna aliyeficha kitu. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, tena kwa mkono wangu mwenyewe, ila hakuna aliyewahi kuziweka Jumanne na Ijumaa mezani pamoja.

Mtunza kumbukumbu wetu, Hawa, unamkumbuka, ndiye anayeingiza taarifa zote kwenye kompyuta. Nikavuta kiti kando yake nikamwomba anitolee watu wote wa kliniki ya presha waliorudi na kikohozi.

"Msimu huu, daktari?" akaniuliza. "Utapata mji mzima."

Alikuwa na haki. Hapo ndipo nilipokaa nikakuna kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikafikiri badala ya kuandika. Nikamwambia tuwagawe. Wanaomeza dawa ya mama yangu tuwaweke huku, wanaomeza dawa nyingine za presha tuwaweke kule. Baridi ya Sumbawanga ni moja, haimuulizi mtu anameza kidonge gani kabla ya kumpata. Kama ni baridi, pande zote mbili zitakohoa sawa.

Ilituchukua wiki nzima ya saa za mapumziko, tena tulicheka sana. Tulimkuta mtoto wa miaka sita mwenye presha na wajukuu. Tulimkuta mzee mmoja aliyeandikwa mjamzito. Tulimkuta mama ambaye kwenye kliniki ya presha ni jina lake la ubatizo, kwenye kikohozi ni Mama Fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kwenye kadi nyingine ni Mama Fulani kwa jina la kitinda mimba, kana kwamba ni wanawake watatu wanaokaa nyumba moja. Bibi yako mwenyewe alipokwenda kituo cha Mtowisa waliandika Mama Teodora, hivyo ukitafuta kikohozi chake cha bondeni kwa jina lake utakikosa. Zile herufi na namba utakazosoma Dodoma, mama, zimeandikwa na watu wa namna yetu. Mtu ana njaa, foleni imefika mlangoni, anachagua neno la karibu. Ukikuta mahali pameandikwa "mafua" mara mia, jiulize kwanza aliyekuwa anaandika ni nani na alikuwa anawahi nini.

Hata pamoja na uchafu wote huo, jambo lilionekana. Wale wa upande wa pili walikohoa, wakapona, wakaendelea na maisha. Wale wa dawa ya mama walikohoa, wakarudi, wakarudi tena, na kila waliporudi mimi niliandika mafua. Hawa alinitazama. Akaenda kutuletea karanga.

Kichwa kikavimba. Nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye, yuko hospitali kubwa huko nje ya mkoa, nikamwambia nimegundua jambo. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, halafu akaniuliza kama nimewahi kusoma ile karatasi inayokaa ndani ya boksi la dawa. Dawa zetu zinakuja kwenye makopo makubwa tunazigawa kwenye vibahasha, karatasi yenyewe inakuwa moja kwa kopo zima na hutumika kufungia karanga. Nikaenda kuitafuta. Ipo, kwa herufi za sisimizi, kikohozi kikavu. Dunia nzima ilikuwa inajua. Tena, rafiki yangu akaniambia, walilijua vizuri baada ya dawa kuwa imesharuhusiwa na kutumiwa na watu wengi, kwa sababu watu wachache wanaojaribiwa mwanzoni hawawezi kuonyesha kila kitu. Halafu akaniuliza kwa nini hajawahi kusikia taarifa hata moja ya kikohozi kutoka kwetu. Zile fomu za njano za kutolea taarifa za madhara ya dawa tulikuwa nazo, bunda zima. Zilikuwa zimeegemezwa chini ya mguu wa meza ya maabara, meza isicheze.

Mpaka hapa ndicho kisa unachokijua, na huwa tunacheka. Sasa nakupa kile tulichokuwa tunakiruka.

Jumanne iliyofuata nilisimama mbele ya benchi la kliniki, nikawahutubia. Nilipenda sauti yangu siku ile. Niliwaambia kikohozi chao si baridi wala si kifua kikuu, ni dawa. Nikawapigia mfano, nikawachekesha, nikasema tumeisingizia baridi bure na tuiombe radhi. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja akasimama akasema, "Mungu akubariki, Dokta Kikohozi," na jina likashika palepale. Nikaenda nyumbani nimefurahi. Niliwaambia kila kitu isipokuwa jambo moja, kwamba wasiache dawa kabla sijawabadilishia. Niliona ni wazi mno, halihitaji kusemwa.

Jumanne iliyofuata benchi lilikuwa tupu. Unajua nilimwambia nini Hawa? Nilimwambia, "Unaona, wamepona." Nililisema kwa utani, lakini nililiamini kidogo.

Habari ilishuka mlima kwa simu kabla yangu. Bibi yako akasikia kutoka kwa mtu wa jumuiya kwamba mwanawe ametangaza dawa ndiyo mbaya. Akachukua vidonge vyote akavitupa chooni, akamwambia Teodora kwamba kama Deo mwenyewe amesema, yeye ni nani abishe. Alinitii, mama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa mbishi kidogo kama alivyo kwenye mambo mengine yote, angekuwa salama.

Kikohozi kikaisha kabisa. Akaanza kulala vizuri, akanenepa, akawa anacheka. Na asubuhi moja Teodora akamkuta amekaa kando ya moto, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umelala mapajani kama si wake. Gari la kwanza lililopatikana lilikuwa lori la mpunga. Walimlaza juu ya magunia, shangazi yako akamshikilia kichwa njia nzima, ile njia unayoijua, mpaka juu huku. Mimi niliwasubiri getini pa hospitali nikiwa sijui nishike nini. Walipomteremsha nilimwita. Akafungua macho, akanitafuta, akasema kwa ule mdomo uliopinda, polepole, neno baada ya neno:

"Deo. Kikohozi kimepona."

Sijui kama alikuwa ananitania au ananipa taarifa. Nimemuuliza mara nyingi, hasemi. Siku ile niligeuka nikalia mbele ya wabeba magunia.

Unajua alivyo leo. Mkono ule hauna nguvu, hawezi kupepeta, na hilo anamlaumu kila mtu isipokuwa mimi. Dawa tulimpa ya aina nyingine, presha imetulia, hakohoi. Jumuiya wamerudi kupokezana naye vikombe, na amerudi kukaa katikati ya benchi anakotawala. Lakini kwa wiki kadhaa hatukujua kama atabaki, na wewe ulipokuwa unapiga simu tunakwambia bibi amelala, alikuwa amelala kweli, hospitalini.

Alipotoka hatarini nilianza kuzunguka. Nilimwomba Hawa anipe majina ya wote waliokuwa kwenye benchi lile, na nikatembea nyumba hadi nyumba, hapa Izia na mitaa ya jirani, jioni baada ya kazi. Ilikuwa fedheha tamu kidogo, sasa naweza kusema. Watu walinipokea kwa vicheko. "Karibu Dokta Kikohozi, leo unasemaje, tumeze au tusimeze?" Mke wa fundi seremala mmoja alinikalisha, akaniletea viazi, akanitaka niape kwanza ndipo anyooshe mkono nimpime. Wengine walikuwa hawakohoi na dawa ile ile, kwao ilikuwa sawa kabisa, na waliiacha kwa sababu yangu. Hao niliwarudishia. Waliokuwa wanakohoa niliwabadilishia. Mmoja alinifungia mlango, na nilirudi kwake mpaka alipochoka kunifungia.

Na bunda la fomu za njano nililitoa chini ya mguu wa meza. Meza ya maabara inacheza mpaka leo. Nimekuwa nikizijaza tangu wakati huo, kila jambo ninalolitilia shaka, na nadhani zinafika huko uendako. Ukikutana na mwandiko mbaya kutoka Rukwa, usimwambie mtu kwamba unaufahamu.

Sasa, kuhusu sura. Ulisema wateja wa dukani wana sura. Ni kweli, na nimezitazama sura hizo kwa miaka, moja baada ya nyingine, na sura ndizo zilizonidanganya. Kila aliyekaa mbele yangu na sweta na mafua ya Julai alionekana mtu wa baridi. Nilipowatazama wote kwa pamoja, bila sura, ndipo nilipowaona. Kisha niliposahau kwamba wana sura, nikawahutubia kama mtu anayesoma namba, nikakaribia kumzika mama yangu. Sijui namna nzuri zaidi ya kukueleza. Siku ukiona jambo kwenye kompyuta yako, na utaliona, maana una jicho la bibi yako, moyo utadunda na utatamani kusimama mbele ya benchi. Simama. Ila kabla ya kufungua mdomo, waza mtu mmoja atakayekusikia na kukutii neno kwa neno, na ujiulize kesho asubuhi huyo atameza nini.

Bibi ameniita sasa hivi kuuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia barua yako. Amesema niandike kwamba Dodoma maji yana chumvi na usiolewe haraka. Nimeshaandika.

Limebaki moja, na nimelizungukia tangu mwanzo wa barua. Nilitaka nikwambie uso kwa uso nikashindwa kupata nafasi katikati ya sweta. Tangu Pasaka nina presha. Mama yako anajua. Usipige simu ukilia ukiwa Tunduma, niko salama, ninakula chumvi kidogo, na ndiyo maana siku ile nilirudi sebuleni bila kuipata, maana mama yako ameificha. Nilichagua kuanza na dawa ile ile ya bibi yako, kwa sababu ni nzuri na kwa wengi haina shida, na mpaka sasa sikohoi. Kila Jumanne navua koti jeupe nakaa kwenye benchi na wengine. Hawa ananiita kwa jina, ananiandika, na taarifa zangu zinakwenda juu pamoja na za watu wote, mpaka zinakofika huko kwenu.

Zikifika kwako, jina litakuwa limetolewa. Nitakuwa mstari mmoja tu, mwanamume, umri fulani, Rukwa, presha, dawa fulani. Kutakuwa na mistari mingi inayofanana na wangu, na hutaweza kujua upi ni baba yako. Usijaribu kunitafuta. Isome yote.

Nakupenda, mama. Safari njema.

Baba yako,
Deogratias